Zile Picha za Fleti ya Batumi

Wiki iliyopita niliwaacha mpakani, pale askari wa Jojia alipofungua pasipoti ya mume wangu Razmik, akamtazama usoni, akatabasamu, akasema, "Karibu tena, ndugu."

Karibu tena! Jamani! Mtu aliyeniapia kwa mkate na kwa kaburi la baba yake kwamba Jojia hajawahi kuikanyaga!

"Kanifananisha," Razmik akasema, akakanyaga mafuta.

Wifi yangu Knarik, dada yake mkubwa, akaangua kicheko huko kiti cha nyuma. "Sura ya ndugu yangu ni ya bei rahisi, wifi. Kila mpaka wanayo."

Na mimi nikacheka. Nilicheka meno tu, moyoni nilikuwa naungua.

Wewe uliyeanza kunisoma leo, usihangaike, nitakuweka sawa upesi. Naitwa Satenik, mshona nguo wa mji wa Gyumri, kule Armenia. Kwetu theluji ikiyeyuka wanaume wanaondoka kwenda kutafuta kibarua Urusi, wanarudi Mwaka Mpya. Mume wangu ni fundi wa vigae, na kibarua chake kiko Saratov. Yeye anabaki na vigae vyake huko, mimi nabaki na mama yake, na cherehani, na wivu.

Wivu wangu nilikuwa nimeupa jina. Nilimwita Natasha. Sijawahi kumwona, nilimuumba mwenyewe nikishona: mrefu, nywele za manjano, kiuno cha nyigu. Razmik asipopokea simu, yuko na Natasha. Razmik akisema Saratov kuna baridi, nasema kimoyomoyo, haya, Natasha si yupo, akupashe moto. Nilimchukia mwanamke yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu mwenye damu na nyama.

Na sababu nilikuwa nayo. Miaka kumi na miwili ya ndoa, mtoto hakuna. Kitanda cha mtoto, kile cha mti wa mjozi chenye zabibu zilizochongwa ubavuni, alicholalia Razmik mwenyewe, kiko darini kwetu. Kila Pasaka mama mkwe wangu anapanda darini kukifuta vumbi. Hakifuti kwa sababu kina vumbi. Anakifuta ili nimwone akishuka na kitambaa.

Pasaka ya mwaka huu hakupanda. Nilidhani hatimaye amenihurumia. Nilimbusu mkono.

Basi Julai Razmik akarudi kabla ya wakati, eti tajiri wake hana kazi. Nikasema hapa hapa. Nitampeleka mume wangu baharini, tusherehekee ndoa yetu, asahau Saratov na wote waliomo. Kwetu hakuna bahari, kwa hiyo Agosti nusu ya Gyumri inahamia Batumi. Nikatafuta fleti mwenyewe kwenye simu, kimyakimya, nimshangaze.

Niliona mamia. Nikachagua moja kwa ajili ya jiko lake.

Lilikuwa jiko la vigae vya buluu, dirisha pana, na nje bahari imejaa dirisha zima. Nilipoziona zile picha roho yangu ilitulia, nikajisikia niko kwangu. Kwa nini, sikujua. "Jengo la kisasa, bahari mlangoni," tangazo lilisema. Anwani hawakupi mpaka ulipe. Kabla ya hapo unaonyeshwa ramani yenye duara tu, na duara lenyewe wamelichora juu ya mchanga wa ufukwe.

Nilipotaja Batumi, Razmik alipaliwa na chai.

"Kwa nini Batumi? Twende Sevan. Tuna ziwa letu, maji ni maji."

"Batumi mvua tupu, wifi," Knarik akadakia. "Na watu wake wana dharau."

Nikashikilia. Ndipo Knarik akasema, "Kama mmeamua, na mimi naja. Nani atawakaangia biringanya?" Ni nani duniani anakwenda na wifi yake kwenye sherehe ya ndoa? Mimi hapa.

Haya, tumefika pamoja. Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

*

Tuliingia Batumi mvua ikinyesha, simu yangu ikituelekeza. Duara la ufukweni tukalipita. Simu ikasema endelea. Tukapita maghorofa ya vioo, tukapita soko la samaki, bahari ikabaki nyuma yetu, na simu bado inasema endelea.

"Pinda kushoto," simu ikasema.

Razmik akafunga breki. Gunia la lavashi, mikate yetu myembamba, likamwangukia Knarik kichwani.

"Una nini?" nikauliza.

"Paka," akasema. Hapakuwa na paka.

Jengo la kisasa lilikuwa la zamani za Wasovieti, ghorofa tisa, kila mtu kaziba roshani yake kwa bati alilookota. Razmik akavaa kofia na miwani ya jua. Mvua inanyesha, yeye anavaa miwani ya jua. Na Knarik, ambaye hata msibani hanyamazi, alinyamaza.

Mwanamke mmoja mnene akatupungia kutoka roshani ya ghorofa ya nne. "Ni hapa! Pandeni!" Huyo ndiye Lamara, mwenye tangazo.

Tukajipakia kwenye lifti na mabegi na biringanya. Knarik akabonyeza nne. Kimya. Akabonyeza tena.

"Imekufa," akasema. "Tupande ngazi, wifi, tupunguze vitambi."

Razmik mawazo yalikuwa mbali. Bila hata kuangalia akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu, akaitumbukiza kwenye kisanduku cha chuma pembeni mwa vitufe, akakipiga ngumi mbili kwa chini. Du! Du! Lifti ikaguna, ikaanza kupanda.

Mimi nikamtazama. Kwetu Armenia lifti haidai nauli. Lifti inayokula sarafu nilikuwa sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

"Umejuaje?"

"Kujua nini?"

"Kwamba inalipiwa."

"Si imeandikwa."

Imeandikwa kweli. Kijojia! Herufi za kujikunja ambazo Razmik hajui hata ipi kichwa ipi mkia. Mtu ambaye Kirusi chenyewe anakisoma kwa kufuatisha kidole.

"Na sarafu ya Jojia umeipata wapi?"

"Chenji ya mpakani."

Mpakani hatukununua hata maji. Nikafungua mdomo nimwambie, mlango wa lifti ukafunguka, na Lamara huyo hapo, mikono kiunoni, macho yamemtoka.

"Mmepandaje?" akauliza kwa Kirusi.

"Kwa lifti, mama."

"Kwa lifti? Wageni wangu wote hukwama humo chini wakapiga kelele mpaka nishuke. Kile kisanduku hakimezi sarafu mpaka ukipige kwa chini, tena mara mbili. Hilo wanalijua watu wa jengo hili tu."

Biringanya moja ikaanguka ikabingirika mpaka miguuni pa Razmik, na yeye akainama kuiokota taratibu sana, mtu ambaye hataki kuinuka.

Lamara akamchungulia chini ya kofia. "Sura hii naijua."

"Waarmenia tunafanana, mama," Razmik akasema.

"Pua ndiyo," Lamara akasema, akafungua mlango.

*

Niseme nini kuhusu ile fleti? Jiko halikuwa la buluu, lilikuwa na rangi ya chai iliyomwagika. Nikaenda dirishani kutafuta bahari yangu. Nikakuta ukuta wa jirani, na suruali za ndani za jirani zikinichuruzikia.

Nikatoa simu. "Mama Lamara, hili jiko liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Humu humu jengoni."

"Na bahari?"

"Bahari ya Batumi iibiwe na nani, mwanangu? Toka nje, pinda kulia, uliza watu. Dakika tano kwa miguu."

"Kwa miguu ya nani?"

"Ya kijana. Halafu ukisimama juu ya sinki la choo ukachungulia, jioni ikiwa hakuna ukungu, unaona kipande."

Nilitegemea mume wangu awake hasira. Huyu ni Razmik, jamani, mwanamume aliyewahi kurudisha tikiti maji sokoni Gyumri akiwa amekwisha kula nusu, akapewa jipya! Lakini leo yuko mlangoni, kofia imemfika puani, anasema, "Sato, tuache. Chumba ni chumba. Au tuondoke kabisa, tuhamie mji wa Kobuleti, sasa hivi, kabla hatujafungua mabegi."

"Tuondoke," Knarik akaitikia. "Pesa hutafutwa, wifi, amani hainunuliwi."

Nikawatazama ndugu hawa wawili. Kila siku wanagombana, hata kuhusu chumvi wanagombana. Leo wamepatana.

"Naenda kununua sigara," Razmik akasema, akatoka. Alishuka kwa ngazi.

Wivu una akili yake, nawaambia. Haukuuliza pesa, haukuuliza bahari. Uliniambia neno moja tu: hapa. Si Saratov. Miaka yote nimeutuma wivu wangu Urusi, ukatembea kwenye theluji peke yake, na kumbe mume wangu alikuwa hapa, mwendo wa nusu siku kutoka mlangoni kwangu. Nusu siku! Kama ni mbali, mtu unavumilia. Unasema yuko mbali, afanye nini. Lakini huyu angeweza kuja Jumapili akanywa supu akarudi. Hicho ndicho kilichonikata maini.

Knarik alikuwa jikoni anaosha biringanya kwa kelele nyingi. Lamara akanivuta koridoni, akanipenyezea sarafu mkononi.

"Usiniite mwongo," akanong'ona. "Picha ni za kweli. Panda juu kabisa, ghorofa ya tisa, kwa Eteri. Kila kilichomo pichani kimo mle. Nilimwomba nipige picha kwake kwa sababu kwangu hapapigiki, umepaona mwenyewe."

Nikachungulia jikoni. "Wifi, nashuka kutafuta mkate."

"Mkate? Tuna gunia la lavashi!"

"Nataka wa Kijojia."

Knarik akatabasamu, ndiyo mara ya kwanza tangu tufike. "Nenda, wifi yangu, nenda. Tena usiharakishe."

*

Nilikipiga kisanduku ngumi mbili, kikameza. Njiani nikajitengeneza nywele, nikajipaka rangi ya mdomo. Kwenye vita huendi na midomo mikavu. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na Natasha, wa Jojia safari hii, lakini ni yule yule: mrefu, kiuno cha nyigu.

Mlango ukafunguliwa na mwanamke mfupi, wa umri wangu, mashavu mekundu, mikono imejaa unga mpaka viwikoni, gauni pana la maua. Si mrembo kunizidi. Jamani, nasema kweli tupu, nilisikia uchungu zaidi. Angekuwa mrembo ningejua nimeshindwa na nini.

"Lamara kakutuma," akasema kabla sijajitambulisha. "Kila wiki ananiletea mtu aliyekasirika. Ingia, dada. Utaangalia bahari, utakunywa kahawa, utalia kidogo, utashuka. Wote wanafanya hivyo."

Nikaingia.

Lilikuwa jiko lile lile. Vigae vya buluu, dirisha pana, na bahari imejaa dirisha zima. Lamara hakudanganya. Nikasogea karibu na kuta, maana mke wa fundi hana adabu kwenye kuta za watu, lazima ashike. Nikapitisha kidole kwenye maungio. Membamba, yamenyooka. Kazi hii naijua.

Ndipo nikainua macho juu ya jiko la gesi.

Katikati ya buluu yote ile palikuwa na kigae kimoja chekundu, kimechorwa komamanga lililopasuka. Kwangu Gyumri kipo kama hicho, mahali pale pale. Razmik alikiweka mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, akanishika mabega akasema, "Hiki nimekuwekea wewe, Sato. Dunia nzima hakuna jiko jingine lenye hiki." Kwenye picha za Lamara kilikuwa kimekatwa, ilionekana kona ndogo tu ambayo macho yangu hayakuijali. Roho yangu ndiyo iliyoijali. Sasa nilielewa kwa nini nilijisikia niko kwangu.

"Fundi wako nani?" nikauliza.

"Mwarmenia mmoja." Eteri alinipa mgongo, anakoroga kahawa, na mgongo wenyewe ulikuwa unatabasamu. "Alikuja kutia vigae akabaki. Mgane, maskini. Tunafunga ndoa mwezi huu, msiba wa mkewe ukitimiza mwaka. Kabla ya hapo haiwezekani, ni dhambi."

"Mkewe... alikufaje?"

"Moyo. Usingizini, anatabasamu. Yule pale ukutani, msalimie. Leo Jumamosi, nimemwashia mshumaa, na huu unga ni mkate wa roho yake."

Nikageuka.

Mama yangu wee! Nilikuwa mimi.

Nilikuwa ndani ya fremu nyeusi, utepe mweusi kwenye kona, nimevaa lile gauni la rangi ya divai nililojishonea mwenyewe, nacheka. Mshumaa unaniwakia. Mbele yangu kikombe cha divai na mkate, kama anavyowekewa marehemu.

Eteri akageuka na sinia. Akanitazama mimi, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Sinia likaanguka. Akapiga ishara ya msalaba mara tatu, akarudi nyuma mpaka akagonga friji.

"Toka kwa jina la Mungu!" akapiga kelele. "Si nimekuwashia mshumaa? Unataka nini tena?"

"Kahawa," nikasema. "Mimi si mzimu, mwanamke wewe. Mizimu haipandi lifti kwa sarafu."

Akanisogelea kidogo kidogo, akanigusa mkono kwa kidole kimoja chenye unga. Unga ukabaki mkononi kwangu. Akatazama lile doa jeupe, akaketi kwa uzito, mkono mmoja akishikilia kiuno.

"Satenik?" akasema.

Analijua jina langu.

Nilikuwa nimekuja kumng'oa nywele, naapa. Lakini mtu aliyekuwa akikukandia mkate wa roho yako unaanzia wapi kumpiga?

"Nimekuonea wivu mwaka mzima," akasema, machozi yanamchuruzika kwenye unga. "Mwaka mzima! Mwanamke aliye hai ningeshindana naye. Marehemu utashindana naye vipi? Marehemu haunguzi maharage. Nikipika, ananiambia, Satenik alikuwa anatia korosho—"

"Jozi," nikamsahihisha. "Ni jozi."

"—jozi, basi. Nikijifunga kilemba, ananiambia kijani kilimpendeza Satenik. Eti ulikuwa unaimba ukiosha vyombo, naye alikuwa anazima televisheni akusikilize."

"Azime televisheni? Razmik?" Nilicheka, kicheko kikatoka kibaya. "Huwa ananiambia nyamaza, Sato, siwasikii watangazaji wa mpira!"

"Alilia, dada. Alipokuwa anakiweka kile kigae alilia. Akasema hata kama anaanza maisha mapya, komamanga la Satenik lazima liwepo."

Sasa hebu nisaidieni, wasomaji wangu. Mpaka hapo nilikuwa najua wa kumwonea wivu. Alikuwa mbele yangu, ana pua nyekundu, anajipangusa kwa aproni. Lakini wivu uliniponyoka, ukapanda ukutani. Nilimwonea wivu yule mwanamke wa kwenye fremu. Yeye alipendwa. Yeye alizimiwa televisheni. Mimi nimeosha vyombo vya mtu yule miaka kumi na miwili, na hilo la kusifiwa amelipata marehemu! Ningejua kwamba dawa ni kufa, ningekufa mapema.

Nikainuka, nikaupuliza mshumaa wangu.

"Asante," nikamwambia Eteri. "Lakini bado natumia pumzi."

Nikaishusha picha ukutani. Nilitaka kuliona lile gauni kwa karibu. Ndipo nikaona begani pangu pana mkono. Picha ilikuwa imekatwa, mwenye mkono kaondolewa, vidole vimebaki, na kwenye kidole pete ya jiwe la kijani.

Pete ile naijua. Na picha hii nimeona nakala yake moja tu maishani, nayo ilikuwa imetundikwa chumbani kwa mtu.

"Eteri," nikaanza, "hii picha ulipewa na na—"

Du! Du!

Ngumi mbili zikasikika kutoka chini, ndani ya shimo la lifti. Eteri akanishika mkono.

"Ni yeye," akanong'ona. "Ndivyo anavyopiga."

Tukaketi, mimi na yeye, bega kwa bega kwenye benchi la jikoni, tukiutazama mlango. Picha niliipakata magotini. Kichekesho ni kwamba nilijitengeneza nywele tena. Hata pale, mjue, nilitaka anione mzuri. Lifti ikaguna, ikapanda, ikasimama. Tukasikia ufunguo ukiingia kwenye kitasa. Ana ufunguo wake! Roho ikaniuma upya.

Mlango ukafunguka. Hakuwa Razmik.

Alikuwa Knarik, wifi yangu, maji ya biringanya bado yanamdondoka mikononi, anavua viatu mlangoni bila kuinua kichwa, kama avuavyo mtu aliyezoea.

"Eteri, mwanangu, haraka! Toa ile picha ukutani, ifiche, tumeletwa hapa hapa na simu yake ya balaa, ameshuka kununua mkate na muda si—"

Akainua kichwa.

"Usihangaike, wifi," nikasema. "Marehemu ameshaiona."

Knarik alifunga macho. Alipoyafungua hakunitazama, alitazama ile pete kidoleni mwake, akaizungusha jiwe likaingia kiganjani.

"Gari halipo chini," akasema mwishowe. "Razmik ameondoka nalo."

"Nakuuliza wewe, simuulizi yeye. Mlikaa mkaamua nife?"

"Mimi nilileta picha tu, Satenik." Ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Na Razmik, Mungu shahidi, wiki nzima alikuwa hali chakula. Kukuua halikuwa wazo lake. Wala langu."

"La nani basi?"

Macho yalimtoroka, yakaenda upande wa chumba cha kulala. Eteri akaruka kutoka kwenye benchi, akakimbilia kuufunga mlango wa chumba, na alipokuwa anakimbia gauni la maua likamshika mwilini, nikaona tumbo.

Mlango aliufunga. Alikuwa amechelewa.

Kando ya kitanda chao, kimepakwa vanishi mpya, kimetandikwa shuka nyeupe, kilikuwa kitanda cha mtoto cha mti wa mjozi, zabibu zimechongwa ubavuni.

Ndiyo maana Pasaka hii mama mkwe wangu hakupanda darini. Na mimi nilimbusu mkono.